Je, Yozefu Aliwadanganya Ndugu Zake?

Mwalimu wa dini asomapo habari za Yozefu mbele ya wakatekumeni, hawezi kushangaa mzee mmoja akiinuka na kusema: "Mwalimu, mtu huyu aliwatambua ndugu zake tangu siku ya kwanza. Mbona akajifanya mgeni? Kufanya hivyo si uwongo?" Swali hilo ni la haki, wala halifai kujibiwa upesi upesi.

Habari yenyewe yajulikana. Ndugu walimwuza Yozefu kwa vipande 20 vya fedha, wakampelekea baba yao kanzu iliyochovywa katika damu ya mbuzi. (Uwongo wa kwanza ndio huo, na wengi wamshitakio Yozefu husahau kuutaja.) Yakobo akaishi miaka mingi akimlilia mtoto aliye hai. Kisha njaa ikaingia Kanaani, na ndugu 10 wakashuka Misri kununua nafaka, wakamwinamia mtawala wasiyemjua. Yeye alisema nao kwa kinywa cha mkalimani. Nao wakaanza kuungama dhambi yao ya zamani wao kwa wao, mbele yake, wakidhani kwamba hasikii lugha yao. Yozefu akatoka kando akalia.

Hapo yafaa kutazama jinsi habari ilivyosimuliwa. Ndugu hawajui, lakini msikilizaji ajua. Mwandishi wa kitabu cha Mwanzo hakumficha neno. Tangu mwanzo amwambia kwamba mtawala huyo ni Yozefu. Kama angalimficha, msikilizaji angalishtuka mara moja tu mwishoni, akacheka, akaenda zake. Sasa, kwa kuwa ajua, hukaa na kuitazama mioyo ya wale ndugu, akijiuliza: je, wamegeuka, au wangali wale wale?

Na hiyo ndiyo sababu ya kukawia kule. Kama Yozefu angalijitaja siku ile ya kwanza, ndugu wangalimwangukia miguuni kwa hofu na kwa ajili ya nafaka. Nani angalijua kama wametubu? Basi kikombe cha fedha kikawekwa katika gunia la Benyamini, mtoto mdogo apendwaye na baba, kama Yozefu alivyopendwa zamani. Mara ya pili ndugu wakapata nafasi ya kumwacha mdogo wao utumwani na kurudi nyumbani salama. Ndipo Yuda, yule yule aliyetoa shauri la kumwuza Yozefu, akasogea mbele na kuomba yeye awe mtumwa mahali pa kijana. Hapo Yozefu hakuweza kujizuia tena.

Watu wa Shituru wanao mfano wa karibu. Katika kiwanda kilichoanza kazi mwaka 1929, katika mji ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966 na sasa huitwa Likasi, mawe ya shaba yalisagwa, kisha yakatiwa katika asidi ya salfa. Shaba ikayeyuka, isionekane tena. Yakabaki maji ya rangi ya buluu. Mgeni angesema kwamba imepotea. Kumbe, umeme ulipopitishwa katika maji hayo, shaba ilijishika juu ya mabamba, safi kuliko ilivyokuwa ndani ya jiwe. Haikufichwa bure, majini iliachana na takataka zake.

Wako wasimulizi wasiofanya hivyo. Katika masimulizi yao, mume na mke hugombana mwaka mzima kwa ajili ya neno moja ambalo mmoja wao angaliweza kulisema asubuhi na likaisha. Hawalisemi kwa sababu msimulizi ataka masimulizi yake yawe marefu. Msikilizaji hukasirika, na haki anayo, maana kutoelewana huko hakuna kazi yoyote.

Lakini iko siri mbaya kuliko hiyo. Si mbali na Likasi, huko Shinkolobwe, watu walichimba mawe ya urani. Mwaka 1942 Marekani iliyanunua kwa siri, na tarehe 6 Agosti 1945 bomu likaanguka juu ya mji wa Hiroshima. Waliochimba hawakuambiwa kazi ya mawe yale. Yozefu aliwaficha ndugu zake akingoja siku ya kuwaambia, na siku ile akaileta mwenyewe. Wale wachimbaji hawakuwekewa siku yoyote. Siri ya namna hiyo humfanya mtu kuwa kama jembe mkononi mwa mwingine.

Basi mzee ajibiwe nini? Mtakatifu Agustino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, aliyefariki mwaka 430, aliandika vitabu viwili juu ya uwongo, akafundisha kwamba uwongo hauruhusiwi kamwe, hata kwa kusudi jema. Hata hivyo alifundisha kwamba si kila kujifanya ni uwongo. Akataja jinsi Bwana wetu, katika njia ya Emausi, alivyofanya kana kwamba ataka kuendelea mbele. Kwa hiyo kunyamaza kwa Yozefu, na kutumia kwake mkalimani, kwaweza kutetewa. Kuwaita wapelelezi, hali akijua kwamba siyo, ni neno zito, wala halipungui uzito kwa sababu mwisho ulikuwa mwema. Simeoni alikaa kifungoni. Mzee Yakobo alitetemeka kwa kumtoa Benyamini. Maandiko Matakatifu hutuonyesha mambo waliyoyatenda watu. Hayasemi kwamba kila tendo lao liigwe.

Namna alivyojifunua, hiyo haina shaka. Kwanza aliwatoa Wamisri wote nje, ndugu zake wasiaibishwe mbele ya wageni. Kisha akasema nao mwenyewe, bila mkalimani, akauliza habari za baba yake. Ndugu hawakuweza kujibu neno.

Wasomaji wengi hufunga kitabu hapo, na kumbe habari haijaisha. Yakobo aliishi Misri miaka 17, naye alipokufa, wale ndugu wakaogopa upya. Walifikiri kwamba Yozefu alikuwa akingoja kifo cha mzee tu ili alipe kisasi. Walikula chakula chake miaka hiyo yote, wakijua jina lake, uso wake na lugha yake, lakini moyo wake hawakuujua bado. Wakamtumia watu kumwomba msamaha, ule aliokwisha kuwapa zamani. Yozefu aliposikia maneno yao, akalia tena.