Tabaka Alilolidharau Fundi

Fundi mmoja, mwenye mikono mizuri na haraka nyingi, aliazimia kujiundia fremu ya baiskeli ya milimani kwa nyuzi za kaboni. Alichonga povu gumu hadi likapata umbo la fremu, akalivika kitambaa cha kaboni kilicholoweshwa epoksi, kisha akaifunga yote kwa utepe wa umeme, upande wa gundi ukitazama nje, akautobatoba kwa sindano ili epoksi ya ziada ichuruzike. Hapo huna la kumlaumu. Hata barakoa alivaa alipopiga msasa, na wangapi hukumbuka hilo kabla vumbi la kaboni halijawawasha?

Balaa alilipanda pale mikono ya pedeli inapoungana na fremu. Ekseli ya mikono hiyo alitaka ikae ndani ya bomba la alumini, basi akakata kipande, akakisugua kikang'aa, akakizungushia kaboni moja kwa moja. Kwa macho, kiungo kilipendeza.

Ila kaboni hupitisha umeme. Ikigusana na alumini na pakaingia maji ya chumvi, hata jasho tu, hapo pamezaliwa betri, na anayeliwa ni alumini. Unga mweupe huota chini ya epoksi na kuibandua taratibu. Si siri: baadhi ya fremu za kiwandani za miaka ya 1980 na 1990, zenye mirija ya kaboni iliyogundishwa kwenye viungo vya alumini, ziliachia kwa sababu hiyo hiyo. Dawa yake ni tabaka jembamba la kitambaa cha nyuzi za kioo katikati, maana kioo hakipitishi umeme. Fundi wetu alilijua. Alisema linaongeza uzito.

Msimu wa kwanza fremu ilimbeba, naye akaisifu kwa kila aliyesimama kumsikiliza. Wa pili ikaanza kulia kila akikanyaga pedeli kupanda mlima. Akatia grisi, akakaza bolti, ikalia tena, akaizoea. Siku moja, akishuka mteremko wa mawe huku amesimama juu ya pedeli, bomba likachomoka. Akavunjika mtulinga. Kiungo kilipopasuliwa, kaboni ilikutwa nzima, alumini imejaa unga.

Wewe unayeunda yako, kata kitambaa cha kioo kabla hujafungua kopo la epoksi. Na fremu ikianza kulia, usiipande mpaka ujue kinacholia.