Lugha ya Nyumbani

(Soma Marko 5:35–43)



Mwinjilisti Marko aliandika kitabu chake kwa Kiyunani, lugha iliyosikiwa katika nchi nyingi za zamani zile. Walakini alipofika penye kitanda cha binti Yairo, mtoto wa miaka 12, hakuridhika na Kiyunani peke yake. Aliyaandika maneno ya Bwana kama yalivyotoka kinywani mwake, kwa Kiaramu, kisha akaeleza maana yake. Wala maneno yenyewe si ya fumbo. Ndiyo ambayo mama humwambia mtoto wake kila asubuhi ili aamke. Bwana alimwita kwa lugha aliyolelewa nayo, naye akainuka.

Lugha hufa pale ambapo hakuna tena mtoto aamshwaye kwayo. Sisi tukaao Haneti hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Kaskazini yetu waliishi Wangomvia, waitwao pia Wakw'adza. Daktari Heinrich Claus alichapisha habari zao kwa Kidachi mwaka 1910. Baadaye mtaalamu wa Marekani, Christopher Ehret, akayatia maneno yao katika kitabu chake cha mwaka 1980. Msemaji wa mwisho amekwisha kufa, na maneno yale sasa yamo vitabuni tu. Umasaini nako waliishi Waasax, wawindaji. Baada ya tauni kubwa ya ng'ombe ya miaka ya 1890 walichanganyikana na Wamasai, watoto wao wakalelewa kwa Kimasai, na msemaji wao wa mwisho alifariki mwaka 1976.

Mara nyingi amezaye lugha ndogo ni jirani. Leo katika Goima, Chambalo na Mirambu, Kiburunge chasongwa na Kirangi upande mmoja na Kiswahili upande wa pili. Mgogo hulalamika kwamba watoto wake walioko mjini Dodoma hawajui Kigogo. Ni kweli, nami nasikitika pamoja naye. Lakini yeye huyo, amsikiapo Msandawe akidata ulimi kama lugha yake ilivyo, hucheka.

Sisemi tuache Kiswahili, la hasha! Kwacho Mgogo na Mrangi na Mburunge wameweza kukaribia meza moja ya Bwana. Lakini bibi kizee akianza kuomba kwa lugha yake, nawe mwalimu ukamkatiza aombe kwa Kiswahili ili wote waelewe, umefanya nini? Wote wataelewa, naam. Na mjukuu aketiye kando yake amejifunza kwamba lugha ya bibi ni ya jikoni, haifai mbele za Mungu. Mtoto huyo hatawafundisha wanawe.

Huko kaskazini ya Ufini, kando ya ziwa la Inari, wako Wasaami ambao wengi wao ni Walutheri kama sisi. Kisaami cha Inari kina wasemaji mia chache tu. Zamani watoto walipelekwa shule za bweni, wakarudi wakisema Kifini, wakakua, wakawalea wana wao kwa Kifini. Mwaka 1997 wenyeji walifungua nyumba waliyoiita kiota cha lugha. Humo watoto wadogo hushinda kutwa wakila, wakicheza na kukemewa kwa Kisaami peke yake. Hivi leo wako vijana waliotoka katika kiota hicho, wasemao lugha ambayo wazazi wao waliikosa.

Mwalimu aliye katika vijiji vya Waburunge au Wasandawe hana nyumba ya namna hiyo, ila ana watoto wa shule ya Jumapili, na wazee wangaliko. Na amwite mmoja awasimulie habari ya binti Yairo kwa lugha ya nyumbani, awasahihishe watakapoirudia. Aanze na lile neno la kumwinua mtoto, kwa kuwa ni fupi. Kisha awafundishe majina ya vyakula, maana Bwana aliagiza binti yule apewe kula.