Nguruwe, Jehanamu na Theluji ya Kibo

Kazi yangu ni kupandisha watu mlimani kwa njia ya Marangu, na wengi wao husema Kiingereza. Kile cha darasani nilikisoma. Kingine nimekiokota mlimani, kwa watu waliochoka, saa kumi alfajiri, kati ya kibanda cha Kibo na Gilman's Point, pale unapomwambia mtu kwamba tumebakiza kidogo tu. Hapo ndipo nguruwe hutajwa.

Mwingereza hakwambii, "Unaongopa." Ana adabu hata anapokukatalia. Husema labda na nguruwe nao wataruka. Wapo watakaokwambia jambo hilo litatokea siku jehanamu itakapoganda. Lile lisilotokea ila kwa nadra, wao hulipa mwezi wa bluu. Hayo yote husemwa kwa kicheko, na kwa kuwa ni kicheko hakuna anayeyahoji. Mimi huyahoji nikishuka, maana miguu ya kuteremka haitaki akili nyingi. Hivi mtu anapata wapi mamlaka ya kusema "kamwe"?

Nguruwe wameshajaribiwa na Waingereza wenyewe. Tarehe 4 Novemba 1909, rubani Moore-Brabazon alimtia mtoto wa nguruwe katika kikapu cha takataka, akakifunga kikapu kwenye ndege yake, akapaa naye katika kisiwa cha Sheppey. Kikapuni alibandika tangazo kwamba huyo ndiye nguruwe wa kwanza kuruka. Mwezi nao ulionekana wa bluu mwaka 1883, mlima Krakatoa ulipolipuka na kuijaza anga vumbi. Na jehanamu? Padri mmoja mstaafu wa Kianglikana, niliyempandisha hadi Horombo akashindwa kuendelea kwa sababu ya kichwa, alinieleza tukiwa tunakunywa chai kwamba mshairi Dante aliielezea zamani hizo kuwa imeganda tayari: chini kabisa, alipo Shetani, ni ziwa la barafu. Nilimwambia angepanda nami usiku mmoja zaidi angeliona.

Lakini hayo ni ya kuchekesha. Linalonikera ni la mlima wetu.

Mwanafalsafa John Locke, mwishoni mwa karne ya 17, alisimulia habari za mfalme wa Siam. Balozi wa Uholanzi alimweleza mfalme huyo kwamba kwao, wakati wa baridi, maji huwa magumu hata tembo angeweza kutembea juu yake. Mfalme alikuwa ameyavumilia mengi ya ajabu kutoka kwa balozi, lakini kwa hili akakata shauri kwamba mtu huyu ni mwongo. David Hume, Mskoti, aliandika jambo linalofanana na hilo alipojadili miujiza. Alimtaja mwanamfalme wa Kihindi aliyekataa kuamini habari za maji kuganda, na akamtetea: mtu ambaye hajapata kuona baridi kali ana haki ya kudai ushahidi mzito kwanza. Kanuni yake ni hii: ukiletewa habari ya ajabu, jiulize lipi ni la ajabu zaidi, jambo lenyewe kutokea, au huyu anayelisimulia kudanganya au kudanganyika.

Mimi ni Mlutheri, mtoto wa mwinjilisti, na Hume hakuiandika kanuni hiyo kwa faida ya watu kama sisi. Hata hivyo naiona ya haki. Tatizo ni kwamba mizani ina sahani mbili, na wengi hupima sahani moja.

Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann alifika Uchagani kutoka Rabai, akiwa na msafara ulioongozwa na Bwana Kheri. Tarehe 11 aliona weupe juu ya mlima. Alipomuuliza mwenzake wa njiani ni kitu gani kile, huyo hakuwa na jina lake, akajibu tu kwamba ni baridi. Baadaye wenyeji walimweleza kwamba kile cheupe kikiletwa chini hugeuka maji. Ushahidi gani zaidi ya huo? Mwaka uliofuata habari zikachapishwa Uingereza, na London akainuka bwana mmoja, William Desborough Cooley, mtaalamu wa jiografia ya Afrika ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akakana. Theluji karibu na ikweta? Kwake, mmisionari alikuwa ameona yaliyomo kichwani mwake.

Mfalme wa Siam nipo tayari kumsamehe. Nchi yake haikuwa na barafu. Cooley alikulia kwenye baridi. Tena Wazungu walikuwa wameshajua kwa zaidi ya miaka 100 kwamba milima ya Andes ina theluji palepale ikweta. Wapimaji wa Kifaransa waliteseka nayo huko. Kwa hiyo si kwamba jambo lenyewe lilikuwa geni kwake. Nionavyo mimi, hakuwapima mashahidi kabisa. Mmisionari, wapagazi na Wachaga wenye mlima wao aliwaweka fungu moja, akalifunga. Mwaka 1862 Baron von der Decken alipanda hadi juu ya meta 4,000 na usiku theluji ikamwangukia. Chama cha wanajiografia cha London kikampa nishani ya dhahabu. Cooley akaendelea kukana.

Kanisani kwetu mtu mwenye shaka huitwa Tomaso, na huwa si sifa. Nadhani tunamwonea. Tomaso alisema wazi anachohitaji ili aamini: aone alama za misumari, aguse. Kisha hakuondoka. Siku nane baadaye alikuwa mle chumbani pamoja na wenzake, na kwa sababu alikuwamo, alijibiwa. Shaka ya namna hiyo naiheshimu, kama ninavyomheshimu Decken aliyefunga viatu akaja.

Mpishi wetu wa msafara, Mwislamu wa Ugweno, ana neno lake kuhusu haya, na hulisema akimenya viazi. Ngamia kupita tundu la sindano, anasema, kumo katika Kurani na kumo katika Injili yenu. Ni kweli, huko kwetu Yesu anamtaja tajiri, kisha palepale anaongeza kwamba kwa Mungu hakuna lisilowezekana. Halafu mpishi huniuliza kwa nini watu husema "hata jua litoke magharibi" wakimaanisha haitakuwa. Kwake yeye jua kutoka magharibi ni dalili ya Kiyama. Analitazamia. Wageni wakimaanisha "kamwe", yeye anasikia "bado". Sijampatia jibu, na viazi huiva tukiwa bado tunabishana.

Siku hizi ubishi umegeuka. Watafiti walipima wakakuta kwamba asilimia 85 ya barafu iliyokuwapo mlimani mwaka 1912 ilikuwa imetoweka kufikia 2007. Wengine walitabiri kwamba kufikia 2020 isingebaki. Imebaki, vipande, na kijijini wapo wazee wanaocheka: mlisema itaisha, mbona ipo? Ni shaka ileile ya London, ila sasa imekaa mgombani. Utabiri wa tarehe ulikosea. Kupungua hakukukosea, nimekuona kwa macho yangu, na mzee yeyote mwenye magoti mazima anaweza kupanda akakuona.

Ukitoka Gilman's Point kwenda Uhuru, bonde la volkano liko kulia kwako na barafu za kusini ziko kushoto. Moja inaitwa Rebmann, nyingine Decken. Ya Cooley hakuna. Kama una shaka na lolote nililosema, njoo Marangu uangalie. Safari ni ya siku tano au sita, na usichelewe sana.