Mawaidha juu ya Ijara ya Mchumaji na Kuanguka kwa Karafuu

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kuotesha miti na kugawanya riziki. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na Aali zake na Sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Enyi Waislamu wa Micheweni na wa Pemba nzima! Iko kauli ipitayo katika mabaraza, kwamba baraka ya karafuu imeondoka, wala hapana la kufanya, kwani ndivyo ilivyoandikwa. Ardhi ya Micheweni ni ya mawe, na mikarafuu haisitawi humo. Mtu wa hapo, babu yake alikuwa akitoka msimu wa mavuno kwenda upande wa Konde na Wete kuchuma kwa pishi. Mjukuu naye hutoka vivyo hivyo, akapanda miti ile ile, na jioni ijara yake haivuki chakula cha siku. Kisha husema: kadari.

Kauli hii nusu yake ni haki na nusu yake ni uvivu wa akili. Kuiamini kadari ni katika nguzo za imani; lakini Mwenyezi Mungu ameviwekea vitu sababu zake, na mwenye kuziacha sababu kisha akamtupia Mola wake lawama, huyo amekosa adabu. Yapasa sababu zijulikane.

Mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, nchi ya Indonesia. Uliletwa Unguja mwanzo wa karne ya 19, na Sayyid Said bin Sultan, aliyefariki mwaka 1856, akawahimiza watu kuupanda. Tufani ya mwaka 1872 ilipoangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ilisalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi za dola zikatoka Pemba. Basi mali ilikuwapo. Swali ni: ilikwenda wapi?

Sababu ya kwanza ni msingi wenyewe. Mashamba yale yalilimwa kwa mikono ya watumwa, mpaka amri ya mwaka 1897 ilipobatilisha utumwa. Mwenye shamba aliyezoea kazi isiyo na malipo, hata alipolazimika kulipa, aliuona ujira kuwa ni hasara yake, wala hakuuona kuwa ni haki ya mwenziwe. Na Mtume (S.A.W.) ameamrisha kuwa mtumishi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, tena imepokewa kwamba Mwenyezi Mungu siku ya Kiyama atakuwa hasimu wa mtu aliyeajiri mtu, akaistimilia kazi yake, asimpe haki yake.

Sababu ya pili ni deni. Mwenye shamba akikopa kwa ajili ya harusi na fahari, huziuza karafuu zingali changa mtini, kwa bei ya mtu mwenye dhiki. Katika madhehebu ya Imamu Shafii haisihi kuuza matunda kabla hayajaonekana kukomaa, illa kwa sharti ya kukatwa papo hapo. Mwenye shamba akishapunjwa na mdai wake, naye humpunja mchumaji. Dhulma hushuka ngazi mpaka imkute asiye na wa kumdhulumu. Serikali ya Kiingereza ilitoa amri mwaka 1934 za kuzuia mashamba yasichukuliwe na wadai, na mwaka 1937 wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia karafuu hata wakapatana mwaka 1938. Lakini amri haimzuii mtu kukopa kwa ajili ya ngoma ya siku moja.

Sababu ya tatu ni mnunuzi kuwa mmoja. Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ikawa ndiyo mnunuzi pekee. Bei ya dunia ikapanda sana katika miaka ya 1970, na mkulima akapewa sehemu ndogo. Wengine wakavusha karafuu Mombasa kwa magendo, wengine wakaiacha miti ikasongwa na magugu. Mtume (S.A.W.) alipoombwa awawekee watu bei alikataa, akataraji kukutana na Mola wake hali hapana mtu amdaiye dhulma ya damu wala ya mali. Mwaka 2011 serikali iliipandisha sana bei ya mkulima. Hilo ni la kushukuriwa, ingawa miti iliyokufa haifufuki kwa bei.

Sababu ya nne ni kutegemea mti mmoja. Indonesia, ambao watu wake huvuta sigara zenye karafuu, ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa. Wakapanda yao wenyewe, na katika miaka ya 1980 wakajitosheleza, bei ikaanguka. Hayo hayakuisibu Pemba peke yake: Lancashire ya Uingereza, iliyouvisha ulimwengu nguo za pamba, ilipungukiwa baada ya vita vya 1914 hata 1918, wanunuzi wake walipoanza kufuma wenyewe. Pemba kipo kiwanda cha mafuta ya makonyo, Wawi. Lakini karafuu nyingi hutoka kavu katika magunia, na ujira wa kuzigeuza huliwa na wengine.

Basi mtu asiseme: haya ni ya masultani na serikali. Na aliye na pishi mbili, moja ya kupokelea na moja ya kupimia, je, ni serikali? Na yule ambaye mkewe hulima mwani katika maji ya chumvi tangu kilimo hicho kilipoingia mwaka 1989, akauza kwa bei ndogo ya wanunuzi wachache, kisha mume akaishika fedha ile mkononi mwake bila ya ridhaa yake? Mali ya mke ni yake kwa sharia, wala mume hana haki nayo. Anayelalamikia ujira wake mdogo na huku anakula ujira wa mwenziwe, dua yake itapanda vipi?

Ijara ijulikane kabla ya kazi, na ilipwe jioni ile ile. Kipimo kiwe kimoja. Mtoto asitolewe chuoni kwa ajili ya msimu, kwani asiyejua hesabu hupunjwa maisha yake yote. Na apandaye apande: Mtume (S.A.W.) ameagiza kuwa hata Kiyama kikisimama na mche u mkononi mwa mtu, akiweza aupande.

Mwenyezi Mungu awape Waislamu riziki ya halali, na awaepushe na kudhulumu kama awaepushavyo na kudhulumiwa. Amin.