Mgeni Katika Nyumba ya Sala

Je, nyumba ya sala ina mgeni? Wagoa waliokuja Nairobi kufanya kazi zama za ukoloni walikuja na sikukuu zao. Kila tarehe 3 Desemba humkumbuka Mtakatifu Fransisko Ksaveri, msimamizi wa kanisa la Parklands, ambaye mwenyewe alikuwa mgeni Malindi mwaka 1542 akisafiri kwenda Goa. Kutunza mila si kosa. Kosa ni kumhesabu jirani kuwa mgeni mbele ya Mungu. Kwaresima ikianza, matawi ya mwaka uliotangulia huwa majivu, yakapakwa kila paji la uso, Parklands na Familia Takatifu mjini. Majivu hayana taifa. Basi, kijana msomaji, usiyemjua akija kando yako, usimpime kwa rangi wala lugha. Sogea umpe nafasi.