Mimba Hailindwi na Mama Peke Yake

Wajukuu zangu, sogeeni karibu. Sauti yangu siku hizi haifiki mbali, na hili nimelisema vikaoni mpaka nimechoka kulisema. Lakini kila mwaka kuna wanandoa wapya, basi nalirudia.

Mjamzito mnamlinda usiku. Kliniki wanampa chandarua, analala ndani yake, na ni vyema, maana mbu wa malaria ni wa usiku. Yupo mwingine, mweusi, mwenye pete nyeupe miguuni, anayeuma asubuhi na tena jua likielekea kuzama, mama akiwa uani anachambua mchele. Huyo ni Aedes. Ndiye aliyewalaza watu wa Dar es Salaam kwa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Ndiye pia anayebeba virusi vya Zika.

Msiseme Zika ni ya ng'ambo. Jina lenyewe ni la msitu ulio karibu na Entebbe, Uganda, ambako mwaka 1947 watafiti wa homa ya manjano walivikuta virusi hivi katika damu ya kima waliyemweka msituni humo. Kwa miaka mingi vilihesabiwa kuwa homa ndogo tu: vipele, macho mekundu, viungo kuuma, siku chache imekwisha. Wengi walioambukizwa hawakujua hata kama wameugua. Kisha mwaka 2015, katika jimbo la Pernambuco, Brazili, madaktari wakaanza kupokea vichanga wenye vichwa vidogo kupita kawaida, mmoja baada ya mwingine. Mama zao walipoulizwa, wengi wakakumbuka vipele vya miezi ya mwanzo ya mimba.

Kondo la nyuma huzuia vijidudu vingi visimfikie mtoto, lakini hivi hupenya. Vikishafika huingia katika chembechembe changa ambazo ndizo zingejenga ubongo, vikazaliana humo na kuziua. Ubongo usipokua, fuvu nalo halina cha kulitanua. Wako wanaozaliwa na kichwa cha kawaida kisha kikadumaa baadaye, na wako wanaoharibika macho au masikio, wanaokakamaa viungo, wanaoshindwa kumeza, wanaopata kifafa. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mibaya zaidi, ila hakuna mwezi ulio salama kabisa. Hata hivyo sitaki kuwatia hofu bure: wanawake 100 wakiambukizwa wakiwa wajawazito, watoto wanaoonekana na madhara ni kati ya 5 na 15.

Sasa nisikilizeni, wakwe na mawifi. Mtoto huyo hakulogwa. Mama yake hakukanyaga kitu, wala hakumcheka mlemavu njiani. Aliumwa na mbu aliyezaliwa katika pipa ambalo nyumba nzima ililiona halina mfuniko. Huko Brazili nako wako waliokimbiwa na waume zao baada ya mtoto kuzaliwa. Jambo hili linanichosha kuliko uzee.

Nanyi wanaume, virusi hivi hukaa kwenye shahawa. Aliyetoka safari ya nchi yenye Zika, hata kama hakuugua, atumie kondomu au ajizuie kwa miezi mitatu. Na mke akiwa mjamzito, mpaka ajifungue. Mnainamisha nyuso. Inamisheni, lakini sikieni.

Dawa je? Ya kutibu haijapatikana, na chanjo iliyoidhinishwa bado. Watafiti wamejaribu sofosbuviri, dawa ya homa ya ini aina ya C, kwa panya wenye mimba, ikazuia virusi visipite kwa watoto walio tumboni. Hata klorokwini yetu ya zamani imejaribiwa kwa panya ikaleta matumaini. Naomba Mungu wafanikiwe. Ila panya si binadamu, na mtu asikimbilie duka la dawa kumnunulia mkewe klorokwini kwa kuwa nimeitaja. Mjamzito akipata homa na vipele aende kituo cha afya, anywe maji ya kutosha, apewe parasetamoli. Aspirini na ibuprofeni asiziguse mpaka ihakikishwe si dengi, kwani zinaweza kumvujisha damu.

Kinachobaki mikononi mwetu ni maji. Funua diaba la uani utazame: viluwiluwi wananing'inia vichwa chini, ukigusa maji wanazama wakijinyonganyonga. Unayamwaga, unaridhika. Kumbe mayai yamenata ubavuni mwa diaba, juu kidogo ya usawa wa maji, meusi kama masizi, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja mvua. Kwa hiyo sugua kuta zake kwa brashi kila wiki, ndipo ujaze maji na kufunika. Matairi, vifuu na makopo yaondoeni kabisa. Kazi hiyo aifanye mume. Mjamzito avae mikono mirefu, apake dawa ya kufukuza mbu aliyoelekezwa kliniki.

Na aliyekwisha jaliwa mtoto aliyedhuriwa na Zika asimfiche chumbani. Apimwe macho na masikio mapema, apelekwe kwa wataalamu wa mazoezi ya viungo, afundishwe kumeza. Brazili, kwa sheria ya mwaka 2020, iliwawekea watoto hao malipo ya kila mwezi ya maisha yao yote. Sisi hapa tuanze na zamu za kumbeba kwenda mazoezini: leo baba, kesho shangazi, keshokutwa mjomba, na mimi nipangieni siku yangu.