Naomba Chumba cha Baharini

Mei mwaka jana nilipata kazi ndogo ya kuandika Mombasa. Mteja alilipia hoteli, chumba cha bei ya chini kabisa. Mei ni msimu wa mvua Pwani, wageni ni wachache, na rafiki yangu alinipa somo kwa simu nikiwa bado kwenye SGR: "Vyumba vizuri viko tupu. Ngoja foleni iishe, soma jina kwenye beji, tabasamu, sema ni bathdei yako. Watakupandisha tu."

Nikafanya hivyo. Dada wa mapokezi akanisikiliza, kisha akaomba kitambulisho. Hapo ndipo nikakumbuka: kitambulisho kina tarehe ya kuzaliwa, na mimi ni wa Novemba. Akaisoma. Akaniangalia. Akasema polepole, "Hongera, kaka," akanipa ufunguo wa ghorofa ya nne, upande wa bahari.

Usiku huo nililala vibaya kwenye kitanda kizuri.

Utasema, si hasara ya nani? Chumba kingebaki tupu. Sawa, lakini sikudanganya chumba, nilidanganya mtu. Mtu mwenye mamlaka madogo ya kumfurahisha mgeni mmoja mmoja, na meneja akiuliza, ni yeye atajibu, si mimi.

Najua kwa nini sikusema ukweli. Niliacha chuo mwaka wa pili. Siku za mwisho nilisimama kwenye dirisha la karo, nikaeleza mambo vile yalivyokuwa, nikaomba wiki tatu. Mama wa pale hakuinua kichwa. "Sistimu imefunga." Nikatoka pale nikiamini ukweli ni wa wenye pesa, sisi wengine tunahitaji hadithi.

Nairobi tukikaa kibandani tunasema, "Leta chai." Mombasa niliwasikia watu wakisema, "Naomba chai," na wanailipia! Nilidhani ni utamu wa maneno tu, ule wa kumtoa nyoka pangoni. Sasa naona anayesema "naomba" anakubali kwamba jibu liko mkononi mwa mwenzake. Somo la rafiki yangu lilikuwa amri iliyovaa tabasamu, maana nani atamnyima mtu siku ya bathdei yake? Ombi la adabu humwachia mtu nafasi ya kukataa bila kujiona mbaya. Yule mama wa karo aliitumia nafasi hiyo, na bado inaniuma. Lakini sikuwa na haki ya kumlipisha dada wa Mombasa deni la mama wa chuo.

Asubuhi nilirudi mapokezi. "Dada, jana haikuwa bathdei yangu."

"Najua."

"Mbona ukanipa?"

"Kilikuwa wazi. Ungeomba tu."

Siku hizi naomba tu. Nangoja foleni iishe, hiyo niliibakisha, kisha nasema: "Samahani, kama kuna chumba kizuri zaidi kilicho wazi na una ruhusa, naomba. Kama haiwezekani, hiki changu kiko sawa." Nimejaribu mara tatu. Mara mbili nimeambiwa hapana, tukatakiana usiku mwema. Mara ya tatu nikapandishwa hadi ghorofa ya juu kabisa, ambako maji ya moto hayafiki.